Daftari la Darasa la Tano

Mchungaji, wazee, ndugu wa karibu na wa mbali, majirani, nanyi nyote mliokuja kumsindikiza kaka yetu, familia imempa mdogo wake marehemu kazi ya kusoma historia hii, na ilipaswa ianze na tarehe ya kuzaliwa, lakini kuna neno linalotangulia, nalo ni kwamba mtu aliyesimama mbele yenu na karatasi hizi alimtendea marehemu kosa tarehe 20 Septemba 1972, akalifunika, akaishi nalo miaka hamsini na mmoja na ushei, akaimba nalo kwaya, akapitisha nalo sahani ya sadaka, na leo hataki kurudi nalo nyumbani. Humu nimeandika "mdogo wake" kila mahali, kana kwamba ni mtu mwingine, kwa sababu nikijaribu kusema "mimi" sauti inakatika, mnisamehe, maana mnajua ni nani.

Jambo la pili, fundi seremala aliyetengeneza msalaba yuko pale nyuma, rangi na brashi anavyo mkononi, kwa kuwa jana jioni aliuliza aandike jina gani, na shemeji yetu, mjane wa marehemu, akajibu papo hapo kwamba aandike jina la ubatizo na chini yake aandike "Fundi Mchoma", kwani bila hilo watu watapita kaburini wasijue aliyelala ni nani. Wote waliokuwa sebuleni waliitikia, isipokuwa mdogo wake, ambaye alitoka nje akisema anakwenda kuhesabu viti, na viti vilikuwa vimeshahesabiwa. Akarudi akaomba seremala asubiri mpaka historia isomwe, nao wakamkubalia, wakidhani ni uchovu wa msiba.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, baba yao akiwa mwashi, mama yao akiuza vitunguu na nyanya kwenye meza yake sokoni, na nyumba yao ilikuwa vyumba viwili mwisho wa safu, yenye mlango ambao haukufungwa mpaka uunyanyue kidogo kwa goti. Mdogo wake alizaliwa mwaka 1960, wakalala kitanda kimoja, miguu ya huyu kichwani kwa yule, na mama alikuwa akisema kwamba amezaa mkasi, kwani kila akifunua shuka anakuta ncha mbili kila upande.

Alianza darasa la kwanza Januari 1966, na wale waliosoma naye, ambao baadhi yao wameketi hapa na mvi zao, watakumbuka mwandiko wake, ulionyooka kama safu za matofali ya baba, hata mwalimu mkuu alikuwa akimwita ofisini aandike bahasha za shule. Mdogo wake alipoanza mwaka 1968, marehemu alimshika mkono kila asubuhi hadi mlangoni mwa darasa, akampandisha soksi, akamfuta pua kwa kiganja chake mwenyewe, ndipo akaenda zake, na wenzake walipomcheka kwamba amekuwa yaya, aliwajibu kwamba yaya analipwa, yeye ni kaka.

Alipofika darasa la sita alifanywa kiranja wa madaftari, kazi ambayo vijana wa leo hawaijui. Kila asubuhi mahudhurio yakishaitwa, kiranja huyo alipita darasa kwa darasa, akakusanya madaftari ya mahudhurio saba, akayapanga kifuani kuanzia la kwanza juu hadi la saba chini, akayapeleka ofisini kwa mwalimu mkuu, na hakuna mtoto mwingine aliyeruhusiwa kuyagusa, kwa sababu mlemle ndimo mtu alimohesabiwa yupo au hayupo. Marehemu aliyabeba kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Alitarajiwa kufaulu mtihani wa kumaliza darasa la saba na kusomea ualimu, jambo hilo lilikuwa likisemwa waziwazi, hata baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alishaanza kumwita "Mwalimu" wakati wa kula.

Sasa hapa ndipo. Mwaka huo wa 1972 mdogo wake alikuwa darasa la tano, na nyuma ya soko walikuwa wakijenga barabara, kukawa na katapila la rangi ya njano lililosukuma udongo kama mama anavyosukuma unga, na mdogo wake akawa anaaga nyumbani kwenda shule, kisha anaishia kwenye katapila. Alifanya hivyo siku kumi na moja. Mwalimu wa darasa akamwambia kwamba Ijumaa baba yake ataitwa, daftari lifunguliwe mbele yake, misalaba ile kumi na mmoja ya kutohudhuria aione kwa macho, na mkono wa baba ulikuwa mkono wa mwashi, sina haja ya kueleza zaidi.

Jumatano tarehe 20 Septemba marehemu alifika ofisini na madaftari yake akakuta mlango umefungwa, akayaweka juu ya benchi la nje, akaenda kumtafuta mwalimu mkuu upande wa bustani, na haikuchukua muda mrefu kuliko mtu kunywa kikombe cha maji. Mdogo wake alikuwa nyuma ya ukuta. Alilichomoa la tano, akalificha ndani ya shati, akaingia jikoni mwa shule ambako mpishi alikuwa amekwenda kuteka maji, akalisukuma motoni chini ya sufuria kubwa, akalikandamiza kwa kuni. Karatasi ziliungua upesi, lakini jalada lilikuwa gumu, na mpishi aliporudi kuchochea moto alitoa kona moja yenye maneno "Darasa la Ta", akaipeleka ofisini akiwa ameishika kwa koleo.

Wakaguzi wa shule walikuwa wanakuja Jumatatu, kwa hiyo mwalimu mkuu alikuwa na hofu yake, na mtu mwenye hofu hutafuta wa kumtwika. Alhamisi asubuhi alimsimamisha marehemu mbele ya shule nzima, akamuuliza mara tatu, nani amelichoma daftari hili, na mara zote tatu marehemu alijibu maneno yaleyale, hakuongeza wala hakupunguza: "Lilikuwa mikononi mwangu, Mwalimu." Watu wakachukulia kwamba amekiri. Mdogo wake alikuwa mstari wa tatu kutoka mbele, ulimi wake ulikuwepo, meno yake yalikuwepo, pumzi alikuwa nayo, na hakusema kitu. Marehemu alifukuzwa siku hiyohiyo, zikiwa zimebaki wiki tano kufikia mtihani. Ijumaa baba aliitwa kweli, ila kwa sababu ya mtoto mwingine, na misalaba kumi na mmoja haikuwepo tena kuonyeshwa kwa mtu. Nyumbani baba alimuuliza mara moja tu, akapewa jibu lilelile, na tangu jioni ile hakumwita tena "Mwalimu". Baba yetu alifariki mwaka 1989 akiamini hivyo, na mama mwaka 2003, akiamini hivyo pia.

Shuleni wakamwita Mchoma Daftari, likafupishwa likawa Mchoma, na jina la utani ni kama doa la ndizi kwenye nguo, kadiri unavyofua ndivyo linavyokolea.

Jumatatu iliyofuata baba alimpeleka kwa mjomba wa mama, fundi cherehani mzee ambaye kila mtu alimwita Babu Sindano, na hapo ndipo marehemu alipoanzia kazi, kwanza kwa kufumua nyuzi na kuokota pini sakafuni kwa sumaku, halafu vifungo, halafu pindo, na mwaka wa pili akaruhusiwa kukalia cherehani ya miguu, na mwaka wa tatu akashika mkasi wa kukatia. Kitambaa cha kwanza alichokata peke yake, Desemba 1974, kilikuwa cha suruali za sare za mdogo wake, aliyekuwa amefaulu kwenda sekondari. Babu Sindano alimwambia amepoteza kitambaa, kwa kuwa aliacha pindo la vidole vinne badala ya viwili, naye akajibu kwamba mguu wa mdogo wake hajamaliza kuujua. Mdogo wake alivaa suruali zile miaka minne, kila Januari kaka yake akifumua pindo na kushusha kidogo, akizipiga pasi mpaka alama ya zamani ikafifia. Kwa hiyo yule aliyemtoa mwenzake shuleni alikaa darasani amevaa kazi ya mikono yake, na alikuwa anajua hivyo kila alipokaa.

Mwaka 1979 macho ya Babu Sindano yalikwisha, marehemu akaachiwa chumba kile cha kazi, ambacho wengi wenu mnakijua, chenye dirisha moja, meza ya kukatia iliyolainika kama sabuni, na pasi ya mkaa inayokaa juu ya kigae. Mchora vibao alipokuja kuandika juu ya mlango aliuliza jina, watu waliokuwa wakipita wakamjibu kabla ya mwenyewe, ndipo kikaandikwa "Fundi Mchoma, Sare za Shule". Wageni walikuwa wakisoma kibao hicho, wakiiangalia na ile pasi, wanarudi nyuma na suruali zao, na marehemu alikuwa akiwaita, "Njooni, sijaunguza nguo bado," na walipouliza hilo jina basi limetoka wapi, alisema limetoka shuleni, akaendelea kukanyaga mashine.

Alishona sare kwa miaka arobaini na mitano. Kila sare aliacha pindo la vidole vinne, na mtoto akirudi mwaka unaofuata alishushiwa bila kudaiwa chochote, na mzazi akishukuru sana aliambiwa kwamba aliyerefuka ni mtoto, fundi hakufanya kitu. Vipimo hakuviandika. Kila mtoto alikuwa na uzi wake mnene wenye mafundo, fundo la kiuno, fundo la goti, fundo la bega, na mwishoni kipande cha kitambaa cha kumtambulisha, nyuzi zote zikining'inia kwenye misumari ukuta mzima, na kuna watu wazima hapa ambao uzi wao wa darasa la kwanza bado uko pale. Shemeji alimnunulia daftari zuri la kuandikia vipimo, akalipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, na kesho yake likaonekana kwa mtoto wa jirani akichoria magari. Watu walidhani kusoma kumempiga chenga. Mdogo wake, aliyekumbuka bahasha za mwalimu mkuu, hakuwasahihisha.

Mwanafunzi wake wa kazi akikosea, akikata mkono mfupi au akishona mfuko kinyume, na mteja akaja juu, marehemu alitoka mbele akasema, "Lilikuwa mikononi mwangu, nitakushonea lingine," na mwanafunzi alibaki nyuma ya pazia. Mdogo wake alikuwepo mara nyingi akisikia maneno hayo, na kila mara aliinamia kikombe chake cha chai.

Alifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 5 Novemba 1983 na shemeji yetu huyu, wakati huo mhudumu wa zahanati, ambaye alileta gauni lake la kazi limechanika kwapani, likashonwa, wiki iliyofuata likachanika tena palepale, likashonwa, na mara ya tatu fundi aliligeuza, akaliangalia kwenye mwanga, akamwambia kwamba gauni hili halichaniki, linakatwa kwa mkasi, na mkasi wenyewe ni butu, ulete niunoe. Shemeji hajawahi kukana. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa mwaka 1985, ambaye ni mwalimu, kijana wa mwaka 1988, dereva wa lori, na kitinda mimba wa mwaka 1991, ambaye ndiye anayekanyaga mashine ile sasa, pamoja na wajukuu wanane.

Nalazimika kueleza siku moja ya mwaka 1995, kwa kuwa nayo imo katika hesabu ya mdogo wake mbele za Mungu. Binti mkubwa alikuwa darasa la nne katika shule ileile, daftari la darasa likapotea kwa saa moja, lilikuwa chini ya meza ya mwalimu tu, lakini kwa saa hiyo moja darasa zima lilimgeukia yeye, mmoja akasema tumuulizeni mtoto wa Mchoma. Alifika chumba cha kazi akilia kwa kwikwi, na mdogo wake marehemu alikuwa ameketi pale kwenye kigoda na kikombe chake. Marehemu alimfuta pua kwa kiganja, kama alivyozoea, akamwambia waache waseme, wakichoka watakwenda kula. Halafu akamtazama mdogo wake, si kwa ukali, alimtazama kama mtu anayengoja uzi upite tunduni. Mdogo wake akasema amekumbuka ana mtu wa kuonana naye, akaondoka, na kikombe akakiacha kimejaa. Wakati huo alikuwa karani wa idara ya maji na mzee wa kanisa, mtu wa kuitwa kusuluhisha ugomvi wa wengine.

Kuugua kwa marehemu kulianza Agosti 2021, miguu ikawa inavimba kila akikaa mashineni, akasema ni uzee wa kanyagio, na alipopimwa ikaonekana ni kisukari, kilichokwisha kugusa figo. Aliendelea kushona akiwa ameegemeza mguu mmoja kwenye ndoo, mpaka tarehe 28 Mei 2024 alipozidiwa na kulazwa.

Jumapili tarehe 2 Juni, saa za kutazama wagonjwa, mdogo wake alibaki naye peke yake, shemeji akiwa amekwenda kutafuta maji ya moto. Alikuwa ametoka ibadani, na somo la siku hiyo sitalitaja, lilimtosha. Akavuta kiti, akasema, "Kaka, lile daftari nililichoma mimi."

Marehemu akasema, "Najua."

Akamuuliza amejua tangu lini, naye akajibu, "Tangu jioni ileile. Shati lako nani alilifua?"

Hapa lazima nieleze. Nyumbani kwetu nguo zilifuliwa Jumamosi, na Jumatano ile mdogo wake alirudi na shati lenye masizi kifuani na harufu ya jalada lililoungua, akalivua akalisukuma chini ya kitanda, na asubuhi ya Alhamisi akalikuta limekauka kambani, jeupe, limenyooshwa. Miaka yote alidhani ni mama, na kwamba mama hakuuliza kwa sababu ya huruma. Kumbe kaka yake alilichukua, akalinusa, akalifua mwenyewe kwa majivu na sabuni kabla baba hajarudi kutoka kazini, na baada ya kulianika ndipo akalala, na baada ya kulala ndipo akaenda kusimama mbele ya shule nzima akaulizwa mara tatu.

Mdogo wake akamuuliza kwa nini hakusema. Marehemu akasema, "Nilikuwa nakungoja wewe. Nikasema kesho atasema. Kesho yake nikangoja, kesho kutwa nikangoja. Baadaye kazi zikawa nyingi."

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa ndefu kwa sababu mwenzake alimshikia taa muda wote. Mdogo wake alilia pale, akasema basi sasa amesema, anamshukuru Mungu yamekwisha. Marehemu akatabasamu upande mmoja, kama alipokuwa akiona mshono uliopinda, akasema, "Umemwambia mtu anayejua. Hapo umesema nini?" Kisha akamwambia ainame, kola yake imekaa vibaya, akainyoosha kwa vidole viwili, na shemeji akaingia na maji ya moto, wakazungumza mambo ya mvua.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi miwili na siku ishirini na nane. Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi yule wa zamu ya usiku aliyekubali kushonewa kifungo na mgonjwa wake, inawashukuru majirani waliopika na kuteka maji tangu Jumanne, mafundi wenzake waliofunga mashine zao leo, walimu na wanafunzi waliokuja wamevaa sare ambazo wengi wenu mnajua mikono iliyozishona, na mchungaji aliyekubali historia hii isomwe kama ilivyo bila kuikata.

Shemeji, nanyi wanangu, nilitaka kuwaambia nyumbani jana nikashindwa, kama nilivyoshindwa mstari wa tatu kutoka mbele. Baba yenu hakuchoma kitu. Lile daftari halikuwa mikononi mwake, lilikuwa mikononi mwangu, na aliyelichoma ni mimi. Nimesema "mimi", na sauti bado ipo.

Kaka, mashine imefunikwa, mkasi umetundikwa, na pindo umeniachia la kutosha. Lala sasa, wala usiningoje tena.

Na wewe fundi seremala pale nyuma, naomba usiandike lile jina. Anayelipenda sana, mwenye nalo ndiye huyu anayesoma, aniite mimi hivyo. Kwenye msalaba andika jina la ubatizo, na chini yake andika Fundi, basi.